Kahawa Iliyovuka Mto

Lwakhakha, kupitia Sirisia
Jumapili, 13 Februari 2005

Kwako kaka yangu Wamalwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, zangu na za wote wanaokutaja kila jioni tukikaa kula. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta na afya, na kile kifua kilichokusumbua Desemba kimekuachilia. Vumbi la mahindi la hiyo stoo yenu si la kuchezea. Uwe ukifunga kitambaa puani hata kama wenzako watakucheka. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama magoti bado yanamsumbua, lakini anatembea mpaka kanisani na kurudi, na akirudi anagombana na kuku kama kawaida yake. Mke wangu Nanyama hajambo, watoto hawajambo. Mvua bado. Kila mtu akitoka nje asubuhi anaangalia mlima kwanza kabla hajaangalia ng'ombe.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu ya dukani unaijua. Ukiongea, watu wamesimama nyuma yako wakijifanya wananunua chumvi, na jioni maneno yako yameshafika sokoni. Halafu mara mbili nilipokupigia ulisema uko kazini, ukakata. Sikukasirika. Ama tuseme nilikasirika, si unanijua, lakini imepita.

Barua yako ya mwezi jana ilifika. Nilimsomea Baba kama ulivyoagiza, neno kwa neno, hata pale ambapo ningependa kuruka. Ulisema tangu Oktoba umemrudisha mkeo Chepkosgei kwa wazazi wake Endebess na huna nia ya kumchukua tena. Ulisema mwanamke aliyeharibu jando ya mtoto wake mwenyewe hawezi kupika katika nyumba yako. Ukamwomba Baba achague wazee waende kwa Mzee Kiptanui kudai ng'ombe zako za mahari. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisome tena pale pa ng'ombe. Nikasoma. Akachukua kofia yake akatoka, na mpaka leo hajachagua mzee hata mmoja.

Kaka, nakuandikia kukueleza ni kwa nini. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujainuka kwenye kiti, maana nakujua na wewe: unasoma gazeti nusu tu, unaanza kubishana na watu.

Lazima nianze na kahawa. Ulipoenda Kitale, kahawa yetu ilikuwa bado inapelekwa kiwanda cha ushirika pale juu ya kanisa, na Baba ndiye alikuwa mwenyekiti. Unayakumbuka yale mashimo nyuma ya kiwanda. Baba na wenzake waliyachimba kwa jembe, wewe ukiwa darasa la nne na mimi bado nikibebwa mgongoni. Maji machafu ya mashine na maganda yaliingia shimo la kwanza, yakatua, yakaingia la pili, mpaka ardhi ikayanywa. Hakuna kitu kilichoshuka mtoni. Baba alikuwa akileta wageni kuyaangalia hayo mashimo kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa gredi. Lakini mashimo yana gharama yake. Kila mwaka yanataka kuzibuliwa, na watu wa kuzibua wanataka kulipwa, na ofisi inataka karani, na mlinzi anataka mshahara, na kahawa ikifika Nairobi inangoja mnada. Mkulima alikuwa anapeleka buni leo na kulipwa mwaka ujao, ikiwa atalipwa. Makato yalikula nyama, sisi tukabaki na mfupa.

Ndipo ule mwaka wa 2002 akaja Wamimbi. Ni Mgisu wa ng'ambo, mtu mnene mcheshi, na Kibukusu chake anakivuta kama wimbo. Aliweka mashine ya kumenya kahawa kwenye ukingo wa mto upande wa Uganda, juu kidogo ya kona yetu. Ukipeleka buni asubuhi, anapima, anakulipa hapo hapo mkononi, na bei yake inashinda ya ushirika. Bana, nani angekataa? Walianza wachache wenye watoto wa sekondari. Halafu njia ya kwenda kivukoni ikawa na baiskeli nyingi kuliko ya kwenda kiwandani. Mimi nilivuka mwaka wa pili, na sikujificha, ulisikia mwenyewe nikibishana na Baba Krismasi ile. Baba alituita wote wezi wa ushirika. Alisema afadhali kahawa yake iozee mtini kuliko ivuke mto. Tukamwacha na kiburi chake. Kiwanda kikakosa buni, kikafungwa, na sasa mbuzi za watu zinalisha ndani ya yale mashimo.

Sasa fikiria: mto unatoka mlimani, unapita kwa Wamimbi kwanza, ndipo unakuja kwetu. Maganda yote ya kahawa ya pande mbili, pamoja na yale maji ya utelezi, aliyasukuma mtoni kwa koleo. Watu wa kijiji chake wanateka maji juu ya mashine, kwa hivyo hawakuwa na neno. Sisi tuko chini. Maji yakawa kama chai iliyolala, yana povu, na harufu ya pombe ya busaa iliyoharibika. Ng'ombe walianza kunusa na kurudi nyuma. Wanawake wakaanza kupanda mpaka chemchemi ya shule. Wazee walienda kwa chifu, chifu akasema mashine iko nchi nyingine, yeye mamlaka yake yanaishia katikati ya maji. Wakavuka kwenda kwa wakubwa wa upande ule. Wakapokewa vizuri, wakapewa chai, wakaambiwa mashine inalipa kodi na hakuna raia wa pale aliyelalamika. Wakarudi.

Siku moja nikimpelekea Wamimbi gunia, nilimuuliza kwa utani anawezaje kutupa bei ile na ushirika ulishindwa. Hakuficha kitu. Alisema ushirika wenu una mashimo, mimi nina mto. Tukacheka wote wawili, kaka. Ndilo jambo linaloniuma nikilikumbuka, kwamba nilicheka. Ile nyongeza ya bei haikutoka mfukoni mwa Wamimbi. Ilitoka kwenye maji tunayopikia. Tulikuwa tunauza kahawa na mto pamoja, tukidhani tunauza kahawa peke yake, na tukirudi nyumbani tunashukuru Mungu kwa bei nzuri.

Agosti iliyopita ukatuletea Kizito aingie jandoni. Siku ile ya kupashwa tohara wewe ulibaki bomani kupokea wageni, kama baba wa mtoto anavyopaswa, kwa hivyo yaliyotokea mtoni hukuyaona. Sisi tulioenda tuliambiana tunyamaze. Leo sinyamazi.

Tulifika sitosi yetu, pale konani ambapo ukoo wetu umekuwa ukichota tope tangu babu wa babu, jua bado halijatoka. Kizito alikuwa uchi, mikono juu, meno yanagongana kwa baridi, lakini macho yake makavu kabisa. Ungejivunia. Vijana walikuwa wakiimba. Unajua desturi yetu kabla ya mtu kuingia kuchota tope: mzee anauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyeuchafua mto, kwa sumu ya samaki au kwa mzoga au kwa kitu kingine chochote, arudi nyuma asilishike. Watu huwa wanaitika tu hapana, wimbo unaendelea. Ni kama padri kuuliza kama kuna mwenye pingamizi kwenye harusi.

Baba akauliza. Lakini kaka, kona ilikuwa inanuka. Tope lilikuwa jeusi tititi, maganda ya kahawa ya misimu miwili yamelala ndani yake, mengine yanaelea kando ya miguu yetu. Hakuna aliyeitika. Halafu Baba Mdogo, yule mwenye baiskeli ya kubebea magunia, akarudi nyuma hatua moja, anaangalia chini. Mwingine akarudi. Halafu mwingine. Wimbo ukakatika. Na mimi nikarudi, Wamalwa. Mimi niliyepaswa kumpaka mtoto wako tope kichwani, kwa sababu mimi ndiye ndugu yako wa tumbo moja, nilirudi nyuma kama mwizi. Wanaume wa ukoo mzima tulisimama kwenye majani, mtoto yuko mbele yetu anatetemeka, na hakuna mwenye mikono ya kumshika.

Mmoja wa wazee akasema twende juu, kupita mashine, tuombe tope la ukoo mwingine huko maji ni safi. Baba alikataa kata kata. Alisema mtoto wa ukoo huu hawezi kwenda kwa ngariba amevaa tope la kuombaomba. Akavua viatu, akaingia mwenyewe. Alichota kwa mikono miwili, akampaka Kizito kuanzia kichwa mpaka miguu, taratibu, kama mtu anayepaka ukuta wa nyumba yake. Nilimtazama nikaona aibu yangu na fahari yangu pamoja. Nilijiambia, huyu mzee tulimcheka, na leo ndiye peke yake aliyebaki safi.

Mengine uliyaona. Mtoto alisimama bila kupepesa jicho. Wageni walikula wakashiba, na Mzee Kiptanui na watu wake wa Endebess walikaa mahali pa heshima wakapewa nyama ya dume lile kubwa. Ukarudi kazini ukiwa na furaha.

Wiki ya pili kidonda kikavimba. Wale wanaomwangalia jandoni walikuwa wakimwosha kwa maji ya mto, ndivyo inavyofanywa, na kila walipomwosha kilizidi. Akaanza kuweweseka kwa homa. Tulimbeba mimi na Baba mpaka Lugulu, kule misheni, na daktari swali lake la kwanza lilikuwa huyu ameoshwa na maji gani. Nilikuambia hilo pale kwenye veranda ulipofika na Chepkosgei. Sijui kama ulinisikia. Shangazi Phelista alikuwa amekushika mkono upande ule mwingine, na yeye sauti yake huwa inashinda ya kila mtu.

Shangazi alikuambia nini najua, maana alimwambia kila mtu. Kwamba siku ya kisu, Chepkosgei hakukaa ndani ameshika nguzo ya nyumba mpaka vigelegele, kama mama wa mtoto anavyotakiwa. Kwamba alichungulia. Kwamba hawa watu wa mlimani wana desturi zao na hawaheshimu zetu, na damu ya mtoto ikakataa. Maneno yale yalipita haraka, na nitakuambia kwa nini: yalitufaa sote. Kila mwanaume aliyerudi nyuma kule mtoni alipata mahali pa kuweka mzigo wake. Hata mimi sikuyapinga kwa nguvu. Nilisema tu, ah, Shangazi, nikaendelea na safari yangu.

Nanyama alikuwa ndani na shemeji siku ile. Ameniapia kwamba Chepkosgei hakuondoa mkono kwenye nguzo hata jasho lilipomwingia machoni. Alikuambia, na Chepkosgei mwenyewe alikuambia, ukasema wanawake wanalindana. Siku ulipomchukua kumrudisha kwao, alikuja jikoni kuaga. Hakulia. Alimwambia Mama kwamba dawa ya Kizito iko kwenye kopo juu ya kabati, apewe baada ya kula. Ni hayo tu. Mama mpaka leo akifungua lile kabati anasimama kidogo.

Mtoto amepona, ulimwona mwenyewe Krismasi. Anatembea vizuri na sasa anacheza mpira, ingawa mtihani wa darasa la nane ulimpita yuko kitandani, na Desemba wenzake walipotoka jandoni na nguo mpya yeye aliwatazama kutoka mlangoni. Amerudi darasani na watoto wadogo kwake. Halalamiki. Anauliza tu mama atakuja lini, na akiuliza kila mtu anakumbuka kazi aliyoacha shambani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa barua yako ilipofika. Baba alipotoka na kofia yake nilidhani ameenda kutafuta wazee. Jioni hakurudi kula. Nilimkuta kwenye kiwanda cha zamani, amekaa kwenye ukingo wa lile shimo la kwanza, miguu ndani, kama mtoto. Nikamwambia Mama anamngoja. Akaniambia niketi. Nikaketi.

Kaka, sijui niliandike vipi hili. Nimeanza ukurasa huu mara nyingi nikaurarua.

Baba aliniambia, "Mukhisa, lile tope nililichota mimi, na kahawa yangu ilikuwa imeshavuka mto."

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani ni uzee. Akanieleza polepole, haniangalii. Ule msimu mdogo kabla ya jando, ushirika ulikuwa umefungwa na pesa zake za kahawa hazijalipwa, na wewe ulikuwa unajenga, hakutaka kukuomba. Alijua Mzee Kiptanui anakuja na wazee wake. Alijua watu wanasema Wamalwa alioa mbali na watu wake, na hakutaka wakwe zako wakae katika boma la mwenyekiti wakipewa mboga na nyama ya kukopa. Alitaka wakirudi Endebess waseme binti yao ameolewa kwa watu. Basi akachuma kahawa yake, akaizungusha mpaka kivuko cha juu ambako hajulikani, akampa mtu wa Wamimbi. Wamimbi alijua ni ya nani. Alinyamaza kwa heshima. Dume lile tulilokula sote, na mtama wa busaa, vilitoka huko. Maganda ya kahawa ya Baba yalikuwa mle mle konani, chini ya miguu yake, wakati sisi tunarudi nyuma na yeye anaingia.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi nyuma kama sisi. Akasema aliangalia akaona hakuna mtu aliyebaki, na mtoto yuko baridini. Akasema alidhani Mungu ataangalia mtoto na hataangalia mikono. Halafu mtoto alipougua alijua. Shangazi alipoanza yale maneno ya nguzo, alifungua mdomo aseme, akaona nyuso za watu, akaufunga. Kila asubuhi alisema leo nitasema. Ukamrudisha Chepkosgei kwao, akasema nitasema Wamalwa akija Krismasi. Krismasi ulikuja kwa siku moja ukiwa umenuna, akaona aibu. Na sasa unamtaka atume wazee kwa baba wa yule mwanamke, wakadai ng'ombe kwa kosa ambalo yeye ndiye aliyelifanya.

Nilikasirika sana. Nitakuambia ukweli, nilimwambia Baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia kwamba alituita wezi miaka miwili mizima. Nilimwambia kwamba ameacha nyumba ya mwanawe ivunjike ili kiburi chake kikae. Niliondoka nikamwacha pale, nikafika barabarani, nikarudi. Nani mimi wa kumhukumu? Mimi nilikuwa nimevusha magunia mangapi? Mimi nilisikia uongo wa Shangazi nikasema ah. Nilimshika mkono tukarudi nyumbani, na njiani tulipita watu, wakamsalimu mwenyekiti kama siku zote.

Sitaki udhani nakuambia ni tope la Baba peke yake lililomuumiza Kizito, ama kwamba mto umemlipizia kisasi. Daktari alisema ni uchafu wa maji, na uchafu ule ni wa kwetu sote tuliovuka. Lakini wa Chepkosgei haumo. Yeye alikuwa ndani, ameshika nguzo. Kati yetu wote siku ile, yeye peke yake ndiye aliyefanya alichoambiwa.

Na usidhani tumekuwa watakatifu. Mashine inanguruma hata sasa ninapoandika, naisikia. Tulimwendea Wamimbi tukamwomba achimbe mashimo. Naye ana huzuni, maana Wagisu na sisi tunatahiri mwaka mmoja, na aliposikia habari za Kizito alituletea mkungu wa matoke mwenyewe. Lakini akasema akichimba peke yake itabidi apunguze bei, na akipunguza, kesho yake baiskeli zote zitaenda kwa mashine nyingine iliyofunguliwa kule chini. Anatujua. Nikasema basi sisi wenyewe tuvuke tukamchimbie bila malipo. Wengine wamekubali. Wengine wanauliza tangu lini mtu akachimba shimo katika nchi ya watu. Kahawa yangu itaiva tena baada ya mvua na kiwanda chetu kimefungwa. Siwezi kukudanganya, kaka: ikiiva, nitavuka nayo. Sina pengine pa kuipeleka. Nitakuwa navuka na jembe pia, basi.

Sikuambii jinsi ya kuendesha nyumba yako. Wewe ndiwe mkubwa, mimi ni mdogo wako tu mwenye mdomo. Lakini umeniagiza nikuletee jibu la Baba kuhusu wazee wa kudai ng'ombe, na jibu ni kwamba hakuna wazee watakaoenda. Hakuna wa kudaiwa kule Endebess.

Nimempa barua hii Cherono, dereva wa lori la vitunguu. Anapita Kitale kesho asubuhi na ameniahidi atakupa mkononi, si mlinzi wa getini.

Mama anakusalimu sana na anasema ule kabla ya kwenda kazini. Nanyama na watoto wanakusalimu. Baba Mdogo anakusalimu, amesema yeye atakuwa wa kwanza kuvuka na jembe. Shangazi Phelista hajatuma salamu. Alisikia mambo haya Jumapili iliyopita kutoka kinywani mwa Baba mwenyewe, mbele ya watu wote baada ya misa, na tangu hapo amejifungia ndani.

Baba na Kizito hawakusalimu, kwa sababu hawapo hapa. Wametoka leo asubuhi na ule mtamba mwekundu, wa pekee aliyebaki wa Baba, wanampeleka kwa Mzee Kiptanui. Nilimwambia wapande lori, akakataa. Alisema ng'ombe wa kuomba msamaha haendi kwa gari, lazima watu wamwone mwenye kosa akimswaga. Mama alimkumbusha kwamba mkwe mwenye heshima hasimami mbele ya mkamwana wake kuongea naye ana kwa ana, ni mwiko. Akasema anajua. Hataingia bomani, atasimama nje ya lango na kusema kwa sauti mpaka asikike jikoni. Kizito ameshaambiwa yote. Akaenda kufungua kamba ya mtamba mwenyewe.

Kwa mwendo wa mzee na ng'ombe, watalala njiani na kufika Endebess si kabla ya Jumatano. Kutoka Kitale wewe ni safari ya asubuhi moja. Kaka, usimwache Baba asimame nje ya lango lile peke yake.

Ni mimi ndugu yako,
Mukhisa